Msitume Pesa ya Boti Kuukuu Kabla Haijaonekana Ikielea

Kama kikundi chenu, kiwe cha Kibondo mjini, Kasulu au vijiji vinavyozunguka kambi ya wakimbizi ya Nduta, kimechanga pesa za kununua boti iliyotumika kutoka ng'ambo, na pesa hizo bado ziko kwenye sanduku la vikoba, ziacheni humo humo. Asitumiwe mtu arubuni. Asipewe kijana nauli ya basi kwenda Kigoma "kushika nafasi". Boti ambayo hamjaiona ikielea, iliyotoka nchi ambayo hamjui sheria zake, inayouzwa na mtu mnayemjua kwa sauti ya simu tu, itawala mtaji kwanza. Ikifika salama, huenda ikala na watu.

Naandika kwa haraka kwa sababu ya kalenda. Mwaka 2024 upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu kamili, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Lengo ni kuwaacha dagaa na migebuka wazaane, na mimi silipingi. Lakini ziwa likifungwa, mwenye boti hali kwa boti yake. Anayedaiwa anaanza kuuza. Dalali anajua hilo, na anajua pia kwamba huku juu miezi hiyo hiyo ndiyo watu wametoka kuvuna maharage na mahindi na mkononi kuna chochote. Hapo ndipo maneno yanapoanza: boti ipo, bei ya kutupa, Agosti ziwa likifunguliwa mtakuwa wa kwanza majini.

Sisi wa milimani tuna udhaifu mmoja katika biashara hii. Gunia la maharage tunalipima kwa macho, tukatumbukiza mkono ndani tukajua limenyeshewa au la. Muhogo tunaujua ukiwa bado ardhini. Ziwa tunalijua kwa samaki waliokwisha kukaushwa na kufungwa kwenye magunia. Wapo kati yetu waliowahi kupanda chombo mara moja tu maishani: baadhi ya ndugu waliokimbia Burundi mwaka 2015 walivushwa na meli ya Liemba kutoka Kagunga hadi Kigoma, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, na wengine wakahamishiwa Nduta ilipofunguliwa tena Oktoba mwaka ule. Kupanda meli kwa kukimbia hakumfundishi mtu kukagua mkuku.

Boti zinazonadiwa ni za aina mbili, na hatari zake hazifanani. Kuna za ng'ambo ya bahari: za faiba, nyeupe, kwenye picha nzuri, kutoka Japani, Uarabuni au Ulaya. Na kuna za ng'ambo ya ziwa: Rumonge, Uvira, Baraka, Kalemie, Mpulungu. Nianze na za mbali, kwa sababu Watanzania tulishalipia somo hilo kwa maisha ya watu.

Mwaka 1989 kiwanda kimoja cha New Orleans, Marekani, kilitengeneza boti mbili za abiria, Skagit na Kalama. Zilikwenda kufanya kazi jimbo la Washington, katika maji ya Puget Sound karibu na Seattle. Ni maji ya ndani, yamekingwa na nchi kavu na visiwa, na mawimbi ya bahari kuu hayafiki pale kwa nguvu zake zote. Baada ya miaka 20 ziliondolewa kwenye huduma, na mwaka 2011 zote mbili ziliuzwa kwa jumla ya dola 400,000 za Marekani. Skagit ikaletwa kwetu na kuwekwa kwenye njia ya Dar es Salaam na Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012 iliondoka Dar es Salaam ikiwa na watu wapatao 290. Karibu na kisiwa cha Chumbe, katika upepo mkali wa kusi, ilipinduka. Waliookolewa ni nusu hivi. Wengine zaidi ya mia moja walikufa au hawakuonekana tena.

Miezi kumi kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilikuwa imezama kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Ilijengwa Ugiriki mwaka 1967. Kwa hiyo ilipozama ilikuwa na umri wa miaka 44, na usiku huo ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake kwa mbali. Maiti zilizoopolewa zilizidi mia mbili, na waliopotea walikuwa wengi kuliko hao.

Najua jibu la dalali: hizo zilikuwa meli za abiria, nyinyi mnanunua kiboti cha dagaa. Sawa. Lakini angalia kilichotokea kwa Skagit. Boti ile haikuwa mbovu kule ilikotoka. Ilikuwa na karatasi, ilikuwa imetunzwa, ilifanya kazi miaka 20. Kosa lilikuwa kuitoa katika maji iliyochorewa na kuiweka katika maji mengine, kisha kuamini kwamba karatasi za kule zinaisemea huku. Tanganyika si bwawa. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 670 kutoka kaskazini hadi kusini na kina cha karibu mita 1,470, na kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, kusi hupata nafasi ya kulima mawimbi juu ya urefu wote huo. Kiboti chenye ubavu mfupi kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu anayevua kwa starehe kwenye ghuba tulivu, ukikipakia nyavu zilizolowa, karabai, jenereta, vijana sita na samaki, kinakaa chini mno majini. Wimbi la kwanza linaingia ndani, la pili linakuta kimeshakuwa kizito. Na tabia yetu ya kuongeza: fundi anapigilia benchi, kisha paa la mabati, kisha juu ya paa mizigo. Kila kitu kinachowekwa juu kinaiondolea boti uwezo wa kuinuka tena inapoinamishwa na wimbi.

Kuna pia suala la kuifikisha. Hadithi nzuri kuliko zote ya boti ya ng'ambo iliyofika Kigoma ni ya Liemba yenyewe. Wajerumani waliijenga mjini Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, wakaifungua kipande kwa kipande, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, wakaileta Dar es Salaam kwa meli na kuipandisha bara kwa reli ya kati. Iliunganishwa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, mto huu huu wetu, ili adui asiipate. Waingereza waliiopoa mwaka 1924 na ikaanza kazi tena mwaka 1927. Watu huisimulia kuonyesha kwamba inawezekana. Inawezekana, ndiyo, ukiwa na hazina ya serikali na mafundi wa kiwanda waliosafiri pamoja na masanduku.

Nyinyi mna vikoba. Hesabu mnayopewa na dalali ni bei ya boti ikiwa kwao. Juu yake kuna nauli ya meli hadi Dar es Salaam, bima, gharama za bandari, siku za kuchelewa ambazo bandari hutoza kila kukicha, na wakala wa forodha. Halafu jambo ambalo wengi hugundua wakiwa wamesimama dirishani: forodha haikokotoi ushuru kwa bei uliyonunulia peke yake. Inajumlisha bima na nauli ya kuifikisha bandarini, kisha inapiga kodi juu ya jumla hiyo, na VAT ya asilimia 18, pale inapotozwa, hupigwa juu ya thamani ambayo ushuru umeshaongezwa ndani yake. Kiwango cha ushuru chenyewe hutegemea chombo kimeandikwa kuwa cha nini: cha uvuvi, cha abiria au cha starehe. Boti ya starehe haigeuki ya uvuvi kwa sababu tu ninyi mnakusudia kuvulia. Nendeni Mamlaka ya Mapato (TRA) Kigoma na picha na maelezo ya boti, muulize kabla ya kulipa. Kuuliza ni bure, na afisa akikuandikia makadirio utajua papo hapo kama dalali alikuwa anakuficha kitu.

Kutoka Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita elfu moja hadi ziwani. Chombo kipana kuliko gari linalokibeba kinahitaji kibali cha Wakala wa Barabara (TANROADS) kwa mzigo usio wa kawaida, na mizani zote njiani zitaliuliza hilo. Dereva anayekuambia "tutapita usiku" anakuuzia matatizo yake.

Sasa boti za ng'ambo ya ziwa. Hizi ndizo zinazonitia hofu zaidi, kwa sababu ziko karibu, bei yake ni ya kweli, na anayeuza anazungumza Kiswahili au Kirundi tunachokielewa. Wafugaji wetu wanajua kwamba ng'ombe anayeuzwa usiku kwa nusu bei ana mwenyewe anayemtafuta, na boti ndivyo ilivyo. Wavuvi wa Kigoma kwa miaka mingi wamekuwa wakivamiwa usiku ziwani na watu wenye silaha wanaochukua mashine, nyavu na wakati mwingine boti nzima. Mashine iliyoibwa Kigoma haiuzwi kwenye mwalo wa Kibirizi, ambako kila fundi anaijua. Inavuka. Inapakwa rangi. Kisha miezi michache baadaye inatafutiwa mnunuzi wa mbali na ziwa, asiyejua sura za mashine za watu. Mnunuzi huyo ni wewe wa Kibondo.

Vita vya mashariki mwa Kongo vimeongeza jambo jingine. Goma ilitekwa Januari 2025 na Bukavu Februari mwaka huo huo, na maelfu kwa maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini walikimbilia Burundi, wengine wakavuka ziwa kuja Kigoma. Katika kukimbia huko mali huachwa, hukabidhiwa jirani, hunyang'anywa, huuzwa na asiyehusika. Anaweza kutokea mtu mwenye boti safi kabisa na maelezo ya kuhuzunisha, na akawa mkweli. Anaweza pia kuwa anauza boti ya marehemu wakati watoto wa marehemu wako kambini Nyarugusu. Huruma isiwe karatasi ya mauziano.

Karatasi zenyewe ni zipi? Kwanza hati ya usajili wa kule, yenye jina la anayeuza au la aliyempa madaraka ya kuuza kwa maandishi. Pili, uthibitisho kwamba chombo kimefutwa kwenye daftari la kule, kwani chombo kilichobaki kimesajiliwa nchi moja hakiwezi kusajiliwa vizuri kwingine, na mwenye jina kule anaweza kukidai wakati wowote. Tatu, namba. Kila mashine ya kiwandani ina namba iliyopigwa kwenye bamba, na bamba lililong'olewa au kukwaruzwa ni jibu tosha, hakuna haja ya kuuliza swali la pili. Peleka namba polisi Kigoma na kwa viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) wa mialo mikubwa, yaani Kibirizi, Ujiji na Katonga, wakaangalie kama kuna aliyeripoti kuibiwa. Nne, madeni. Mishahara ya mabaharia, mafuta yaliyokopwa, matengenezo yasiyolipwa: kwa sheria za vyombo vya majini, deni la aina hiyo huweza kukifuata chombo hata kikiwa mikononi mwa mwingine. Unanunua boti asubuhi, jioni fundi wa Rumonge anaishikilia.

Wengine hudanganywa kwa jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi imo tangu 2007, Kongo tangu 2022, basi wanaambiwa hakuna ushuru. Unafuu wa Jumuiya ni kwa bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na yenye cheti cha uasili. Mtumbwi wa mbao uliochongwa Rumonge na fundi wa Rumonge unaweza kuwa na hoja. Boti ya faiba iliyotengenezwa Asia haiwi ya Kirundi kwa kulala Bujumbura mwaka mmoja. Na kuivusha usiku bila forodha, hata kama "kila mtu anafanya hivyo", kunaifanya kuwa magendo, na magendo hutaifishwa. Tena haitaweza kusajiliwa na Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), haitapata leseni ya uvuvi, na ikizama hakuna bima wala fidia.

Kuhusu nyavu zilizomo ndani yake, nipite haraka: zana zinazoruhusiwa ng'ambo si lazima ziruhusiwe hapa. Kokoro ni marufuku Tanzania. Ukinunua boti pamoja na nyavu zake, mwambie afisa uvuvi wa wilaya azione kwanza, kwa kuwa zikikamatwa zinachomwa na hasara ni yako.

Nyinyi ndugu mlio ndani ya Nduta, nanyi nawasemea hapa, maana najua pesa yenu nayo inatafutwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawafunga kwenye eneo la kambi, na kutoka kunahitaji kibali. Kwa hiyo boti itakayonunuliwa kwa mchango wenu itaandikwa kwa jina la mtu mwingine, mara nyingi rafiki mwema wa kijiji jirani. Rafiki akibadilika, au akifa na warithi wakaja, mtakuwa na nini cha kuonyesha? Hamwezi hata kwenda mwaloni kuiangalia. Wanaojiandaa kurudi nyumbani nao huambiwa kwamba pesa ya kuanzia maisha watakayopewa wakivuka kupitia Mabamba kwenda Gisuru ikusanywe mapema, ili boti ya Rumonge iwasubiri. Pesa ile ni ya mabati, mbegu na miezi ya mwanzo ya kula. Anayeitaka kabla hamjavuka mpaka hana boti yoyote inayowasubiri.

Ikiwa bado mnataka boti baada ya yote haya, basi fanyeni kama wavuvi wenyewe wanavyofanya. Tafuteni fundi wa mwaloni asiye rafiki wa muuzaji, mumlipe wenyewe siku yake ya kazi. Boti ivutwe nje ya maji, ikauke, aigonge ubavu mzima kwa nyundo ya mbao akisikiliza. Faiba nzima hulia kwa ukali. Iliyoingia maji kati ya matabaka hutoa sauti nzito iliyokufa. Kwenye boti ya mbao achome kwa ncha ya kisu kando ya mkuku na chini ya mataruma, ambako maji hukaa na uozo huanzia. Kalafati mpya kabisa pamoja na rangi mbichi kwenye boti ya miaka 15 ni dalili ya kuifunika, si ya kuitunza. Mashine iliyotoka baharini ifunguliwe njia zake za kupozea, chumvi hula alumini kimya kimya. Kisha irudishwe majini, ipakiwe mifuko ya mchanga yenye uzito wa kazi halisi, itoke nje ya ghuba mchana wa upepo, muuzaji akiwa ndani. Akikataa kupanda, mmeshaokoa pesa yenu.

Jambo moja watu hulicheka. Boti kutoka maji mengine isafishwe na ianikwe juani siku kadhaa kabla ya kugusa ziwa letu. Gugu maji lilipoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 halikuletwa na meli kubwa, na wavuvi wa Mwanza bado wanalilipia. Tanganyika lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani. Konokono mmoja mgeni kwenye maji machafu yaliyolala chini ya sakafu ya boti anatosha kuanza.

Nanyi viongozi wa vikundi, kabla ya kukubali mkopo wa boti, pigeni hesabu ya marejesho kwa miezi tisa badala ya kumi na miwili, ziwa lisije likafungwa tena, halafu ondoeni siku za mbalamwezi, maana dagaa hawakusanyiki kwenye karabai mwezi ukiwa mpevu. Mkopeshaji wa mtaani hafungi kwa ajili ya ziwa. Serikali nayo imekuwa ikitoa mikopo ya boti mpya za faiba kwa wavuvi kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Muulizeni afisa uvuvi kuhusu hiyo kabla ya kuuliza bei ya boti kuukuu.

Kwa waliokwisha kulipa: msiongeze hata shilingi, hata mkiambiwa imekwama forodha na inahitaji kidogo tu kutoka. Muombeni muuzaji hati ya shehena, kisha namba yake mumpe wakala wa forodha mwenye leseni aihakiki. Tunzeni ujumbe wote wa simu na risiti za miamala, msifute kitu kwa hasira, na mfungue jalada polisi mkiwa wengi, siyo mmoja mmoja. Na kama boti imeshafika mwaloni lakini haijakaguliwa na TASAC, msiiingize majini ili "irudishe japo mafuta". Hasa msipakie abiria: si wa soko, si wa harusi, si wa msiba wa Kagunga, hata wakibembeleza vipi, hata wakilipa mara mbili.